Kupima fomu za mkopo kwa grafu ya kanuni: maswali tunayoulizwa kila mara na watu wa sacco, Kisumu mpaka Nakuru

Kazi yetu ni kusaidia sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, za huku magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa kutoka kwa kupima fomu za mkopo kwa mkono na kwenda kwa kompyuta, kwa njia ambayo afisa wa mikopo anaweza kuisoma na mwanachama anaweza kuelezwa. Maswali huwa ni yale yale, ukiwa Ahero, ukiwa Kakamega, ukiwa Nakuru pale mjini, basi tumeyaweka hapa yote na majibu yake.

Grafu ya kanuni ni kitu gani kwa lugha rahisi?

Chukua fomu ya mkopo yenyewe. Kuna vitu mwanachama amejaza: mshahara wa msingi, posho, akiba yake, pesa anataka, miezi ya kulipa. Hizo ndo taarifa za kuanzia. Alafu kuna vitu vinapatikana kwa hesabu, kama makato ya lazima na pesa inayobaki mkononi, na mwisho kabisa kuna uamuzi, anapita, hapiti, ama fomu iende kwa kamati. Kila moja ya hizo tunaita nodi, na mshale unatoka kwa nodi moja kwenda kwa ile inayoitegemea. Ukichora kwa karatasi utaona inakaa kama vijito vinavyoshuka kuingia mto Nyando mpaka ziwani, maji yanakutana njiani lakini hayarudi juu. Hiyo ya kutorudi juu ni sharti, kwa sababu mshale ukirudi nyuma kompyuta haitajua ianze wapi.

Kupanga nodi ili hakuna inayopigwa hesabu kabla ya zile inazozitegemea si jambo jipya, njia moja inayotumika sana iliandikwa na Arthur Kahn mwaka wa 1962 na mpaka leo inafanya kazi vizuri tu.

Si tuko na Excel tayari? Kwani hii ni tofauti gani?

Swali zuri, na ukweli ni kwamba Excel ndani yake ni grafu pia, seli moja inategemea nyingine. Shida iko kwa venye inatumika. Kanuni inajificha ndani ya seli, mtu anaburuta fomula inaruka mstari mmoja, mwingine anaandika namba juu ya fomula kwa sababu mwanachama ako kaunta anangoja, na hakuna anayejua mpaka mkaguzi aje. Pia Excel haikumbuki kanuni ya mwaka jana ilikuwa gani. Kuna ofisi moja tulipata faili tatu za kupima mkopo, kila afisa na yake, na mtu mmoja akipeleka fomu kwa madirisha matatu angepata majibu matatu. Ukiwa na grafu kanuni ziko pahali pamoja, ziko na majina, ziko na tarehe, na kila jibu linakuja na njia lililopitia.

Kama sacco yenu ni ndogo, fomu chache kwa mwezi, na mtu mmoja mwaminifu ndo anashika hiyo Excel, kaeni nayo. Sisi hatuna haraka ya kuwauzia kitu.

Mbona msitumie AI, siku hizi si kila mtu anatumia?

Tunaitumia kusoma, hatuitumii kuamua. Kusoma maandishi kwenye picha ya fomu iliyoskaniwa ni kazi ambayo programu hizo zinaweza, tutafika hapo. Lakini kumwambia mama wa Kibuye ameweka akiba miaka yote kwamba mkopo wake umekataliwa, na ukiulizwa sababu useme mashine imeona hivyo, hapana, hiyo hatufanyi. Sacco ni mali ya wanachama, kanuni ni zao, walizipitisha kwa mkutano mkuu, basi jibu lazima litoke kwa kanuni hizo na lionyeshe ni gani. Na kanuni ya sacco kawaida haina utata wa kuhitaji kubahatisha: mkopo usizidi akiba mara tatu, theluthi ya mshahara ibaki mkononi, wadhamini watoshe. Kitu kimeandikwa wazi, kihesabiwe wazi.

Tuonyesheni mfano mmoja kamili, na namba

Sawa. Mfanyakazi wa kampuni ya binafsi Nakuru, mshahara wa msingi 45,000, posho ya nyumba 10,000, jumla 55,000. Ako na mkopo wa benki anakatwa 18,000 kwa mwezi. Akiba yake kwa sacco ni 120,000. Anaomba 360,000 alipe kwa miezi 48, na sacco yake inatoza 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua.

Nodi za kwanza ni makato ya lazima. NSSF, ile ya pensheni, ni 6% ya 55,000, inatoka 3,300. SHIF, ile ya bima ya afya, ni 2.75%, inatoka 1,512.50. Ada ya nyumba ni 1.5%, hiyo ni 825. Ukitoa hizo tatu unabaki na 49,362.50, na hiyo ndo inapigwa PAYE, kodi ya mshahara: 24,000 za kwanza kwa 10% ni 2,400, 8,333 zinazofuata kwa 25% ni 2,083.25, zilizobaki 17,029.50 kwa 30% ni 5,108.85. Jumla 9,592.10, toa nafuu ya kila mtu ya 2,400, kodi inakuwa 7,192.10. Mkononi kabla ya mkopo wa benki ni 42,170.40, na baada ya benki ni 24,170.40.

Sasa kuna matawi mawili. Tawi la akiba linasema mara tatu ya 120,000 ni 360,000, kwa hivyo anapita kabisa. Tawi la mshahara linasema theluthi ya mshahara wa msingi, yaani 15,000, lazima ibaki, kwa hivyo nafasi ya marejesho ni 9,170.40. Marejesho ya 360,000 kwa miezi 48 yanatoka 9,480.18. Hapo amezidi kwa shilingi 309 na senti 78.

Afisa aliyechoka saa kumi jioni angeandika "haijapita" na kuweka fomu kando. Grafu inaendelea, juu inajua ni nodi gani imekataa na ni nini kinaweza kubadilika. Barua inayotoka ni kama hii:

"Umeomba 360,000 kwa miezi 48. Akiba yako inatosha. Marejesho yangekuwa 9,480.18 kwa mwezi, na nafasi iliyobaki kwa mshahara wako ni 9,170.40, kwa sababu lazima ubaki na 15,000 baada ya makato yote. Unaweza kuchukua 360,000 kwa miezi 60, marejesho yatakuwa 8,008 kwa mwezi. Ama uchukue 348,200 kwa miezi 48. Ukiona kuna kosa kwa namba za mshahara wako, fika ofisini na slipu ya karibuni."

Hiyo barua ndo sababu tunafanya hii kazi. Mtu anatoka pale kaunta anajua amekosa nini na anaweza kufanya nini.

Hiyo theluthi inatoka wapi? Wengine wanapima na mshahara wote

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Sacco nyingi zinapima kwa mshahara wa msingi kwa sababu posho zinaweza kuondolewa mtu akihamishwa, nyingine zinapima kwa jumla. Kwa mfano wetu wa juu tofauti si ndogo: theluthi ya msingi ni 15,000, theluthi ya jumla ni 18,333.33, na huyo mtu nafasi yake ingeshuka mpaka 5,837.07. Kwa hivyo hii isiachwe kwa kichwa cha afisa. Iwe nodi yake yenyewe, na sera ya mikopo iseme wazi ni ipi.

Mwanachama akiacha pahali wazi kwa fomu inakuwaje?

Hapa tutakaa kidogo kwa sababu makosa mengi tunayoyaona yanaanzia hapa.

Pahali wazi si sifuri. Mtu akiacha sehemu ya "mikopo mingine" bila kuandika, inaweza kuwa hana, inaweza kuwa amesahau, inaweza kuwa ameficha, na programu nyingi za kawaida zinachukua hiyo kuwa 0 na kuendelea na safari. Mkopo unapita, mwezi wa pili marejesho yanagonga ukuta. Kwa grafu kila taarifa iko na hali tatu: inajulikana, haijajulikana, ama haimhusu. Nodi ikikosa taarifa inayohitaji inasema "sijui bado", na hiyo "sijui" inashuka na mishale mpaka kwa uamuzi, uamuzi nao unasema "siwezi kuamua, naomba hiki na hiki". Haibahatishi.

Lakini pia haisumbui mtu bure. Ikiwa akiba peke yake tayari imezuia ombi, mathalani mtu ana akiba 20,000 na anaomba 200,000 kwa sacco ya mara tatu, hakuna haja ya kumrudisha Bungoma kwenda kutafuta slipu ya mwezi uliopita, jibu linajulikana tayari. Grafu inaweza kutambua kwamba kitu kilichokosekana hakiwezi kubadilisha matokeo. Vile vile inajua maswali gani yasiulizwe kabisa, mtu asiye na ajira haulizwi jina la mwajiri.

Kwa fomu ya simu hii inasaidia sana maana maswali yanakuja moja moja kulingana na majibu ya nyuma, mtu anajibu kumi badala ya arobaini.

Sheria za makato zikibadilika tunaanza upya?

La, na angalieni miaka michache tu iliyopita muone kwa nini hii ni muhimu. NSSF, kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kilikuwa 18,000 kuanzia Februari 2023, kikaenda 36,000 Februari 2024, kikaenda 72,000 Februari 2025. NHIF, bima ya afya ya zamani, ikatoka na SHIF ikaingia tarehe 1 Oktoba 2024, 2.75% ya mshahara wote na isiwe chini ya 300. Ada ya nyumba ilikuwa na historia yake ya mahakamani kabla ya sheria mpya ya Machi 2024. Alafu 27 Desemba 2024 sheria za kodi zikarekebishwa, SHIF na ada ya nyumba zikaanza kutolewa kabla ya kupiga PAYE, mpangilio mzima wa mishale ukabadilika, si namba tu.

Tunachofanya ni kwamba kanuni haifutwi. Inafungwa na tarehe ya mwisho, mpya inafunguliwa na tarehe ya kuanza. Slipu ya Novemba 2024 inapimwa na kanuni za Novemba 2024, hata kama leo ndo mnaifungua kwa sababu kuna malalamiko. Mkaguzi akija kuuliza mbona huyu alipewa kiasi hiki wakati ule, unarudisha grafu kwa ile siku na jibu linatoka lile lile.

Kitu kimoja sacco lazima ikate mapema: tarehe gani inatawala. Makato yanafuata mwezi wa slipu, hiyo haina mjadala. Lakini kanuni za sacco yenyewe, zinafuata siku fomu ilipokelewa ama siku kamati ilikaa? Sisi tunashauri siku iliyopokelewa, maana si haki mtu aumie kwa sababu fomu yake ilikaa kwa trei wiki mbili na katikati sera ikabadilika.

Fomu zetu zimejazwa kwa kalamu, zingine zimekunjwa, zingine ziko na doa la chai. Itawezekana?

Inawezekana lakini kwa utaratibu. Picha inasomwa, na kila pahali palipopatikana herufi panapewa alama ya uhakika. Yenye uhakika mdogo inaenda kwa mtu aangalie kwa macho, picha upande huu na namba upande huu. 1 na 7 zinachanganywa sana, 0 na 6 pia. Tarehe ni shida nyingine, 03/04 mtu anaweza kusoma mwezi wa nne ama wa tatu, basi fomu mpya muweke visanduku vya siku, mwezi, mwaka.

Msaada mkubwa ni kwamba namba zinajuana. PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, ya mtu binafsi inaanza na A, namba tisa, alafu herufi moja mwisho, kwa hivyo ikisomwa tofauti unajua kuna kasoro. Kwa slipu, jumla ukitoa makato lazima ikupe pesa ya mkononi iliyoandikwa pale chini. SHIF ya mtu wa 55,000 lazima iwe 1,512.50. Tukipiga upya na isilingane, ama kusoma kumekosea ama slipu imechezewa ama kuna kitu halali hatujakiona, kwa mfano nafuu ya bima, ambayo ni 15% ya malipo ya bima na isizidi 5,000 kwa mwezi, ama mchango wa pensheni. Kwa sababu hiyo slipu isiyolingana haiitwi ya uongo. Inaenda kwa afisa na maelezo ya ni wapi haijalingana, afisa anapigia mwajiri, basi.

Majina nayo. Huku kwetu mtu ana jina la kitambulisho, la ubatizo, la nyumbani, na slipu imepanga kivyake. Msilinganishe kwa jina, linganisheni kwa namba ya kitambulisho na namba ya uanachama.

Kanuni mbili zikigongana?

Zitagongana, na ni afadhali mjue kabla ya mwanachama kujua. Mfano: moja inasema mwanachama wa chini ya miezi 6 hapewi mkopo, nyingine inasema mkopo wa karo unapewa mwanachama yeyote mwenye akiba ya kutosha. Mtu wa miezi minne anaomba karo. Jedwali la maamuzi, ambalo kila mstari ni kanuni moja na jibu lake, linawalazimisha mchague: ama mstari mmoja tu uruhusiwe kulingana, na programu ikatae jedwali lenye mistari miwili inayofunikana, ama mstari wa juu ndo unashinda, ama yote yakusanywe na lililo kali litawale. DMN, kiwango cha kuandika maamuzi kwa majedwali kilichotolewa na shirika la viwango vya programu la OMG mwaka 2015, kimeziandika hizi njia vizuri. Sisi tunapenda ya kwanza, inawaudhi watu mwanzoni lakini inawafanya wakae chini wamalize ubishi siku hiyo hiyo.

Mmesema mishale hairudi nyuma, lakini hesabu zingine si zinazunguka?

Ndio, mfano wa bima ya mkopo. Ada ni asilimia ya mkopo, ada inaongezwa kwa mkopo, mkopo ukikua ada inakua. Hiyo inatatuliwa kwa hesabu ya moja kwa moja ndani ya nodi moja, mkopo ugawanye kwa moja ukitoa kiwango cha ada, mzunguko unaisha. Kutafuta mkopo mkubwa kabisa unaoingia kwa nafasi ya 9,170.40 pia ni fomula ya marejesho ikigeuzwa tu, huhitaji kujaribu namba moja moja. Na pesa tunaihifadhi kwa senti, namba nzima bila nukta, ili isipotee senti hapa na pale. Kurauni nako ni kanuni: nafasi inarauniwa chini, marejesho yanarauniwa juu.

Na wadhamini?

Hii ndo sehemu tunaipenda zaidi, na ndo sehemu karatasi hushindwa kabisa.

Mdhamini hapimwi na akiba yake yote, anapimwa na akiba huru. Tuseme mtu ana akiba 150,000. Mkopo wake mwenyewe umefunga 80,000 ya hiyo. Alishamdhamini jirani kwa 40,000. Amebaki na 30,000 ya kumdhamini mtu mwingine, hata kama stetimenti yake inaonyesha 150,000 na amekuja na sahihi yake na roho safi. Kwa faili za karatasi afisa wa tawi la Mumias hajui kwamba mtu huyo alitia sahihi tawi la Kakamega wiki iliyopita.

Alafu kuna kuzungukana. Otieno amdhamini Wafula, Wafula amdhamini Kiprono, Kiprono amdhamini Otieno. Kila fomu peke yake iko sawa, ukiziweka pamoja ni watu wale wale wanashikiliana, na mmoja akiangushwa na maisha wote wanaanguka. Kabla ya kukubali mdhamini mpya, programu inafuata nani anamdhamini yeye, na nani anamdhamini huyo mwingine, ione kama itamfikia mwombaji, na ikimfikia inasimama na kuonyesha afisa hiyo njia yote kwa majina. Hii si kuzuia watu kusaidiana, kuna sacco zinaruhusu kwa mipaka. Ni kuhakikisha kamati inaona kabla ya kutia sahihi.

Wanachama wetu wengine hawana slipu. Wakulima wa miwa, wa maziwa, watu wa boda. Hawa je?

Muwape matawi yao, msiwalazimishe kwa tawi la mshahara. Mkulima wa maziwa kule Njoro ama Kitale analipwa kila mwezi kulingana na lita, rekodi za chama cha ushirika zinatosha, chukueni miezi kadhaa ikiwemo ya kiangazi, juu wastani wa mvua peke yake utadanganya. Miwa ni jambo lingine, inakaa shambani mwaka na zaidi kabla ya kukatwa, na kumwambia mkulima wa Muhoroni alipe marejesho sawa kila mwezi ni kumtuma akakope kwingine. Marejesho yake yafuate mavuno, na hiyo ni ratiba tofauti kwa grafu, nodi ya "theluthi ibaki" haimhusu.

Watu wa boda na wa soko wana stetimenti za M-Pesa. Zinasaidia, lakini pesa iliyoingia si faida, nyingine ni ya mafuta, nyingine ni ya chama, nyingine alitumiwa tu apeleke kwa mtu. Hapa kanuni zipunguze, zisijifanye zinajua kila kitu, na fomu nyingi za hivi ziende kwa afisa anayewajua watu wa stage.

Ni halali kompyuta iamue peke yake?

Someni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35. Mtu ana haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake, kuna hali ambazo zinaruhusiwa kama za mkataba ama idhini yake, na hata hapo lazima ajulishwe kwa maandishi, na anaweza kuomba uamuzi uangaliwe tena. Kwa hivyo mpango wetu kwa kila sacco ni huu: grafu inaweza kupitisha yenyewe zile fomu safi za kiasi kidogo kama kamati imeruhusu, lakini haikatai mtu yenyewe. Kukataa kunapitia mkono wa binadamu aliyesoma ile barua na kuweka jina lake.

Basi kamati ya mikopo itabaki na kazi gani?

Kazi ngumu. Mwanachama amefiwa, mtoto ameitwa chuo na nafasi itapotea Ijumaa, mwajiri amechelewesha mishahara ya watu wote. Kamati inaweza kwenda kinyume na grafu, na ikifanya hivyo inaandika sababu, na hiyo sababu inakaa na fomu. Baada ya muda mkiona sababu moja inajirudia, hiyo ni kanuni inayoomba kuandikwa.

Hii kitu mmebuni nyinyi ama iko kwingine?

Iko kwingine, na zamani. Mwaka wa 1986 watafiti wa London, akiwemo Marek Sergot na Robert Kowalski, walionyesha sheria ya uraia ya Uingereza ikiandikwa kama programu ya mantiki. Ufaransa wana OpenFisca ya kukokotoa kodi na ruzuku, ilianza 2011. Marekani idara ya kodi, IRS, iliunda Direct File, ikajaribiwa msimu wa 2024 kwa majimbo 12, na ndani yake kulikuwa na injini inaitwa Fact Graph, ambayo inashika taarifa za mlipa kodi kama nodi, zingine anajaza, zingine zinakokotolewa, na inajua ni gani hazijakamilika. Msimbo wake uliwekwa wazi mwaka wa 2025, mtu wenu wa IT anaweza kuusoma. Mpango wenyewe ulisimamishwa lakini lile wazo la "sijui bado" kushuka na mishale, soma pale, wameliandika vizuri.

Stima ikipotea? Na net ya huku?

Inafanya kazi kwa laptop ya kawaida bila intaneti. Hesabu ya fomu moja ni kitu kidogo sana. Ikirudi mtandao inatuma makao makuu, na akiba huru ya wadhamini inahakikiwa tena pale kabla ya pesa kutoka, kwa sababu tawi lililokuwa gizani halijui matawi mengine yamefanya nini.

Nani anaandika kanuni, mtu wa IT?

Afisa wa mikopo na meneja, kwa Kiswahili, kwa jedwali, akiwa ameshika sera iliyopitishwa. Mtu wa IT anaziingiza na kuzirudisha zisomwe kwa sauti. Kila kanuni iwe na jina, kifungu cha sera inakotoka, tarehe ya kuanza, na nani alikubali. Isiyo na kifungu haiingii, na utashangaa ngapi zinatolewa kwa njia hii, zile za "sisi hufanya hivyo tu".

Tutajuaje iko sawa kabla ya kuiamini?

Pelekeni fomu za zamani, zilizopita na zilizokataliwa, mlinganishe. Pale inapotofautiana na afisa kaeni nayo moja moja, wakati mwingine kanuni imeandikwa vibaya, wakati mwingine afisa alikuwa na huruma, na zote mbili mnahitaji kuzijua. Alafu jaribuni kwa mipaka, hapo ndo kanuni hukosea: mtu anayebaki na 15,000 kamili na mtu wa 14,999. Mshahara unaotozwa kodi wa 24,000 na 24,001. SHIF ya mshahara wa 10,000, ambayo kwa asilimia ni 275 lakini lazima isome 300. Hizo majaribio zihifadhiwe, zipigwe upya kila mara kanuni moja ikiguswa, hata kama ni ndogo.

Tuanzie wapi wiki hii?

Msianze na kompyuta. Chukueni aina moja ya mkopo, ile yenye fomu nyingi, kawaida ni ya karo ama ya dharura. Kaeni maafisa wote kwa meza moja na fomu moja halisi, mfunike jina, kila mtu aipime peke yake kwa karatasi bila kuongea, alafu mlinganishe. Pale majibu yamepishana ndo kanuni zenu za kwanza za kuandika. Hilo jedwali likishakubaliwa na kamati, mtu wenu wa IT ama sisi tunaweza kuliingiza, na mkopo wa pili usiguswe mpaka wa kwanza umepita mwisho wa mwezi mzima bila afisa kurudi kwa Excel.